Kufifia na Kuzimika: Mpindo wa Taa za Jukwaani na Lugha ya Maelekezo ya Tamthilia

Katika tamthilia nyingi za Kiswahili, maelekezo yanayohusu taa hufungwa katika maneno mawili au matatu: taa zinafifia, taa zinazimika, mwanga unarudi polepole. Msomaji wa darasani huyapita maneno hayo bila kusita, kwani kwake ni alama tu kwamba onyesho moja limekwisha na jingine linakuja. Lakini mtu aliyeketi nyuma ya konsoli ya taa katika ukumbi hawezi kuyapita. Yeye hudaiwa idadi ya sekunde, kiwango cha kuanzia, kiwango cha kuishia, na njia ambayo mwanga utapita kati ya viwango hivyo. Mwandishi hakumpa hata kimoja katika hivyo vinne. Amempa kitenzi, na pengine kielezi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi njia hiyo ya mwanga inavyotengenezwa na kurekebishwa, kisha kuuliza kitenzi cha Kiswahili kinabeba kiasi gani cha habari anayoihitaji fundi. Mifano imetolewa Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa, kwa sababu mbili. Mji huo una ukumbi wake wa michezo ya kuigiza tangu enzi za ukoloni, yaani Nakuru Players Theatre, na jirani yake, huko Njoro, kipo Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1987. Kwa hiyo tamthilia husomwa na kuchezwa humo kwa pamoja. Sababu ya pili ni jioni yenyewe ya Nakuru, nayo itaelezwa baadaye.

Kwanza istilahi. Kifaa kinachopunguza nguvu ya umeme unaokwenda kwenye taa huitwa dima na mafundi, na hakuna haja ya kuwapinga. Kitufe kinachotelezeshwa juu na chini kwenye konsoli huitwa feda. Neno hili lina kasoro moja, nayo ni kwamba katika matamshi ya wengi wa bara halitengani vizuri na fedha, hata fundi akiomba "ongeza feda" huweza kueleweka vingine na mweka hazina. Tatizo kubwa zaidi ni jina la ule mstari wa grafu unaoonyesha uhusiano kati ya feda na mwanga. Tao ni neno la mjenzi, na lina umbo moja tu. Mkunjo hudokeza kitu kilichovunjwa pande mbili, kama nguo. Katika makala haya limetumika neno mpindo, kwa kuwa kitu kinaweza kupinda kidogo au sana, mwanzoni au mwishoni, bila kukatika.

Yafaa ifahamike mapema kwamba mipindo ni miwili, na kuichanganya ndicho chanzo cha makosa mengi. Mpindo wa dima huonyesha kwamba feda ikiwa mahali fulani, taa itatoa mwanga kiasi fulani. Hauna habari ya wakati. Mpindo wa ufifiaji huonyesha kwamba baada ya sekunde kadhaa tangu ishara kutolewa, kiwango kitakuwa kimefika mahali fulani. Huo hauna habari ya taa ni ya aina gani. Mtazamaji huona zao la yote miwili likiwa kitu kimoja. Konsoli nyingi za sasa, kwa mfano zile za Eos za kampuni ya ETC, humruhusu fundi kuchora mpindo wake mwenyewe na kuuweka ama kwenye njia ya taa moja ama kwenye ishara nzima.

Mtu asiye fundi angetarajia kwamba mpindo usiwe mpindo, uwe mstari ulionyooka: feda katikati, mwanga nusu. Jicho halikubali. Jicho hupima mwanga kwa uwiano na si kwa tofauti. Mshumaa wa pili ukiongezwa penye mmoja huonekana mara moja. Ukiongezwa penye mia hakuna atakayejua. Kwa sababu hiyo, mwanga uliopunguzwa hadi robo ya kipimo chake huonekana machoni kama umepungua hadi nusu hivi. Ndiyo asili ya mpindo wa mraba, ambao umetumika katika kumbi kwa miaka mingi: feda ikiwa 50 mwanga ni asilimia 25, ikiwa 20 mwanga ni asilimia 4, ikiwa 10 mwanga ni asilimia 1. Kwa mizani ya maabara, mpindo huo umepotoka. Kwa mtu aliyeketi safu ya tano, umenyooka.

Taa zenyewe nazo zina tabia zao. Taa ya uzi wa tangsteni haitoi mwanga kwa kadiri ya volti inayopewa, bali mwanga wake hupanda na kushuka kwa kipeo cha 3.4 hivi cha volti. Volti ikipunguzwa nusu, mwanga unaosalia haufiki asilimia 10. Dima za thairista, ambazo zilianza kuingia katika kumbi za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, hazipunguzi volti kwa kuizuia, bali hukata sehemu ya kila nusu-wimbi la umeme. Nchini Kenya umeme ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde; kwa hiyo kuna nusu-mawimbi 100 katika kila sekunde, na kila moja hukatwa. Likikatwa katikati, nguvu hubaki nusu, volti hubaki kama 170, na mwanga hubaki chini ya theluthi moja. Aidha umeme ukipungua wenyewe kutoka volti 240 hadi 228, jambo la kawaida mwishoni mwa waya mrefu, taa hupoteza kama asilimia 16 ya mwanga wake kabla fundi hajagusa chochote. Si ajabu, basi, kwamba mpindo uliochorwa vizuri katika ukumbi wa mjini huonekana mgeni katika bwalo la shule ya mashambani, ingawa eneo lenyewe ndilo lenye mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981.

Uzi wa tangsteni una tabia nyingine mbili ambazo wazee wa fani hii walizizoea hata wakadhani ni tabia za mwanga wenyewe. Una uzito wa joto: ukikatiwa umeme ghafla, hauzimiki papo hapo, bali hubaki na wekundu kwa sehemu ya sekunde. Tena kadiri unavyopungua ndivyo rangi yake inavyozidi kuwa ya kahawia na wekundu, kama makaa. Taa za LED hazina hata moja katika hizo. Hufuata amri ya konsoli bila kuchelewa, na rangi yake haibadiliki isipokuwa iamriwe. Zikipewa mstari ulionyooka, hupanda kwa kishindo feda inapoanza kusogea, na katika kushuka matatizo yake yote hurundikana chini kabisa: hatua kumi za mwisho za feda huchukua mwanga kutoka asilimia 10 hadi sifuri, na machoni mwa watu asilimia 10 hiyo bado ni kama theluthi moja ya ung'avu wote. Tamthilia hufikia neno lake la mwisho hapo hapo.

Hatua zenyewe nazo huonekana. Mfumo wa DMX512, uliowekwa mwaka 1986 na ambao bado ndio lugha ya kawaida baina ya konsoli na taa, hupeleka kila kiwango kama namba kati ya 0 na 255. Kwa ufifiaji wa sekunde 10 kutoka juu hadi chini hakuna wa kulalamika, kwa kuwa hatua ni zaidi ya 25 katika kila sekunde. Lakini mwongozaji akitaka mwanga ushuke kutoka asilimia 20 hadi giza kwa dakika 2, hatua ni 51 tu katika sekunde 120, yaani moja kila baada ya sekunde mbili na zaidi. Tangsteni ingezilainisha hatua hizo kwa uvivu wake. Taa ya LED iliyotengenezwa bila uangalifu huzionyesha moja moja, kama mtu ateremkaye ngazi kwa bakora. Dawa ni kutumia namba mbili kwa kila taa, zinazotoa hatua 65,536, endapo taa inazipokea. Ama kuchagua taa ambayo hulainisha yenyewe.

Leo kumbi nyingi zina taa za aina zote mbili chini ya feda moja. Hapo ndipo kazi ya kurekebisha mpindo inapokuwa na maana, wala si pambo la mafundi. Fundi huanza kwa kuipandisha kila taa kutoka sifuri, hatua kwa hatua, akitafuta kiwango ambacho taa inaonekana kwa mara ya kwanza. Tuseme ni 6. Huenda kwenye ukurasa wa mpindo, ambapo mhimili wa chini ni feda na mhimili wa wima ni kile kinachotolewa, akaisogeza nukta ya kwanza hadi 6, ili feda isiwe na sehemu mfu mwanzoni. Kisha huziwasha taa mbili za aina tofauti kwenye ukuta mmoja, akalinganisha katika 25, 50 na 75, akazipandisha au kuzishusha nukta za ile ya LED mpaka zikubaliane. Hilo hufanywa kutoka viti vya watazamaji na si kutoka chumba cha konsoli, tena baada ya kukaa gizani kwa muda. Jicho lililotoka katika jua la Nakuru la saa nane mchana huhitaji dakika 20 hadi 30 kabla ya kulizoea giza kikamilifu, na mpindo unaochorwa kabla ya hapo huwa mzito kwa upande wa chini.

Kuna mtego mmoja. Dima nyingi huja na mpindo wa mraba ndani yake tangu kiwandani. Fundi asiyejua hilo akiweka mraba mwingine kwenye konsoli, feda ikiwa 50 hutoa 25, na ile 25 inapofika kwenye dima hutoa asilimia 6 na robo. Nusu imekuwa giza. Na akiongeza mpindo wa ufifiaji unaoanza taratibu, mwigizaji husema maneno mengi kabla hajaonekana uso. Jambo jingine la kuangaliwa ni mpishano, pale kundi moja la taa linaposhuka huku jingine likipanda. Katika mpindo wa mraba, yote mawili yakiwa katikati, asilimia 25 na 25 huleta 50, na jukwaa zima hutumbukia katika shimo la giza katikati ya safari. Mafundi huliziba shimo hilo kwa kulitanguliza kundi linalopanda kwa sekunde moja au mbili. Ni jambo dogo, lakini mtazamaji aliyekuwa akifuata maongezi hukatwa nalo vibaya kuliko kwa kosa la lugha.

Sasa jioni ya Nakuru. Mji uko karibu sana na Ikweta, chini ya theluthi moja ya digrii kusini yake, na jua hutua kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni mwaka mzima. Kwa kuwa jua la Ikweta hushuka wima badala ya kwenda mshazari, muda wa utusitusi ambao mtu bado anaweza kufanya kazi nje bila taa ni kama dakika 21 tu. London, mwezi wa Juni, muda huo huzidi dakika 40. Katika muda huo mfupi mwanga wa uwanja wazi hushuka kutoka laksi 400 hivi hadi 3 au 4, yaani hupungua nusu, kwa wastani, kila baada ya dakika 3. Wakazi walio chini ya Mau hulikosa jua hata kabla ya hapo, kwani ukuta wa bonde huwa umekwisha kulificha ilhali uwanda wa mbele yao bado unang'aa.

Machweo yanayoigizwa jukwaani kwa kawaida hurithiwa kutoka vitabu na konsoli za nchi za kaskazini: marefu, yenye rangi nyingi, yanayokawia mwishoni. Tamthilia ambayo mandhari yake ni boma la Molo au shamba la Subukia ikipewa machweo hayo, watazamaji wa hapo hawatasema mpindo umekosewa. Watasema kwamba pale si kwao. Mpindo wa Bonde la Ufa hauna mkia mrefu. Hushuka mapema kwa hatua moja, jua linapogusa ukingo, kisha huporomoka kwa uwiano ulio karibu sawa hadi mwisho. Kiswahili kinalijua hilo. Kitenzi kuchwa hakina subira, na watu husema kumekuchwa, kwa kiambishi cha hali timilifu, mara nyingi zaidi kuliko wanavyoueleza mwendo wenyewe wa kuchwa.

Jambo hili linarudisha mjadala kwenye vitenzi. Kufifia na kuzimika si visawe, ingawa waandishi wa tamthilia aghalabu huvitumia kama visawe. Kufifia ni mwendo usiokuwa na kikomo chake ndani. Rangi ya kanga hufifia, sauti hufifia, matumaini hufifia, na katika yote hayo kitu kingalipo. Taa zimefifia maana yake taa zipo, ila ni hafifu. Kuzimika kuna kikomo: taa zimezimika, hakuna mwanga. Kwa hiyo elekezo "taa zinafifia", likichukuliwa kama lilivyo, halimwambii fundi aishie sifuri. Humwambia ashuke, kisha humwacha njiani.

Tofauti hiyo hubadilisha tamthilia. Ichukuliwe kwamba mama amebaki peke yake jikoni baada ya mwanawe kutoka, hana la kusema, na elekezo ni hilo hilo. Fundi mmoja ataishia asilimia 15: uso wa mama ungali waonekana, watazamaji wanakaa naye, na simanzi ni yao pia. Mwingine ataishia sifuri kwa sekunde 3: onyesho limekwisha, watu wanapiga makofi. Katika lile la kwanza mama ameachwa. Katika la pili ameondolewa. Wote wawili wametii maandishi. Uamuzi ambao mwandishi alipaswa kuufanya umefanywa na fundi, au na kiwanda kilichoweka sekunde za kawaida katika konsoli ambazo hakuna aliyezibadilisha.

Vielezi havisaidii sana kama inavyodhaniwa. Polepole huhusu muda, haihusu umbo. Ufifiaji wa sekunde 20 unaoanza kwa kasi na kutulia, na ule unaoanza kwa utulivu na kuporomoka, yote ni polepole, lakini wa kwanza hufanana na mtu anayelala na wa pili na mtu anayekata roho. Nayo "zinafifia ghafla", iliyozoeleka mno, hugongana yenyewe kwa yenyewe. Kinachotakiwa ni kuzima. Kwa hili msemo wa mitaani nchini Kenya ni sahihi kuliko wa vitabuni, kwani anayesema "stima imepotea" hajaacha shaka yoyote kuhusu mpindo.

Lugha ina akiba ya kutosha kwa anayetaka kuitumia. Viambishi vyafanya kazi kubwa: taa zikizidi kufifia hudai mwendo unaoambatana na maneno ya mwigizaji, ilhali taa zikafifia huuweka baada ya maneno hayo. Kufifiliza huleta mtendaji, jambo linalofaa pale mhusika mwenyewe anaposhusha utambi wa kandili jukwaani. Na kandili, kwa yeyote aliyeitumia, ina mpindo wake unaojulikana, kwa kuwa hushuka kwa utii mpaka mahali fulani, ndipo moto hudakia na kufa. Elekezo likisema mwanga ushuke kama wa kandili iliyoshushwa utambi, fundi amepewa umbo zima pamoja na mwisho wake. Vivyo hivyo makaa yanayofunikwa na majivu yana mpindo unaopungua mwanzoni upesi kisha ukakawia, tena yana wekundu ambao taa ya LED lazima iamriwe kuutoa. Kupambazuka ni kwa alfajiri tu, wala halifai kutumiwa kwa kila mwanga unaopanda. Kwa chumba ambamo taa imewashwa, kuwaka latosha.

Anayehariri tamthilia kwa ajili ya shule anaweza kupinga kwamba maonyesho mengi ya wanafunzi hufanyika mchana, katika mabwalo yenye madirisha wazi, ambako hakuna cha kufifia. Ni kweli, na ndiyo sababu maelekezo ya taa yamebaki maneno ya desturi. Lakini matini hudumu kuliko bwalo, na kikundi kitakachoicheza katika ukumbi wenye konsoli kitafungua ukurasa ule ule. Kwa mhariri, kazi si kuingiza asilimia na sekunde katika fasihi. Hizo hubadilika kwa kila ukumbi. Kazi ni kumwuliza mwandishi, pale anapoandika kwamba taa zinafifia, kama mtu aliye chini ya taa hizo bado anaonekana.